Kusudi la maisha au maana ya maisha?

SWALI: Niliandika tafakuri fupi nikaiita "Kusudi la maisha." Mhariri akafuta "kusudi" akaweka "maana," akidai ni kitu kimoja. Mwenzangu naye anashikilia kuwa neno zuri ni "dhumuni." Nani yuko sahihi?

JIBU: Kisarufi hakuna aliyekosea. Ila mhariri wako hakubadilisha neno tu, amebadilisha swali lenyewe.

Yatazame maneno haya mawili yanapofanya kazi ya viunganishi. Mtu husema, "Nimekuja mapema kusudi nikukute." Husema pia, "Nimekuja mapema, maana nilikosa usingizi." Yabadilishane nafasi uone sentensi zinavyoharibika. Kusudi linatazama mbele, kwenye jambo ambalo bado halijatimia. Maana inageuka nyuma na kueleza. Tabia hiyo haiyatoki hata yakiwa nomino. Anayeuliza kusudi la maisha anataka kujua aelekee wapi, tena anakubali kimyakimya kwamba yupo aliyekusudia, maana kusudi halikai bila mwenyewe, awe Muumba au awe yeye muulizaji. Anayeuliza maana anaweza kuwa mzee wa miaka 80 asiye na mpango wowote mpya. Anataka tu kuyaelewa yaliyompata.

"Maana" ina mtego mwingine. Tunaposema mtu wa maana au kazi ya maana, tunazungumzia thamani. Kwa hiyo ukiandika "maisha yake hayana maana," wasomaji wengi watasikia kwamba hayafai kitu. Wewe ulikuwa kwenye falsafa, wao wamesikia tusi. Ikiwa unachotaka kusema ni kwamba bado hujaelewa, andika "sijajua maisha yana maana gani." (Na iwe "maisha hayana," si "maisha haina." Kosa hilo limezoeleka mpaka limeanza kuonekana halali.)

Kusudi nalo lina kivuli chake. Likiwa la umoja ni jambo la heshima. Liongezee ma- useme "amefanya makusudi," tayari umemlaumu mtu. Ndiyo sababu kwenye wingi mimi hukimbilia "malengo," ingawa nayo si yale yale. Lengo linatokana na kulenga: unalenga, unakosa, unalenga tena. Malengo hupangwa na kufutwa, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo kumi kwa mwaka.

Dhumuni? Neno la asili ni madhumuni, kutoka Kiarabu, na huko ma- ni sehemu ya neno lenyewe. Sisi tuliisikia kama ma- ya wingi, ile ya maswali na majibu, tukachonga umoja wake. Silipingi, limekwishaota mizizi. Lakini linanukia kikao: "madhumuni ya mkutano huu ni..." Katika tafakuri linakwaruza. (Maisha nayo yana ma- ya Kiarabu, ila hayo bado hatujayatafutia umoja.)

Rudi kwenye aya yako ya mwisho uisome. Kama inaishia kwenye "basi nifanye nini?", mwombe mhariri akurudishie kusudi lako. Kama inaishia kwenye "kumbe ndivyo yalivyokuwa," mwachie maana yake.