Kumfuata mke Ukerewe ukiwa msanii: jibu refu kwa mleta uzi

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu yote ya jana, nikaona nikinyamaza nitakuwa mchoyo. Umesema mkeo ni mwalimu, kapangiwa shule kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, wewe una kibanda cha kuchora na kuchapa fulana hapo Mwanza mjini, na unaogopa mambo matatu: kipaji kufa, ndoa kuchuja, na wewe mwenyewe kudumaa wakati wenzako wanasonga mbele. Wachangiaji wengi wamekwambia usithubutu. Mwache atangulie, aombe uhamisho, maana ukimfuata utakuwa golikipa, yaani mtu wa kukaa nyumbani akilishwa na mwenzake.

Basi golikipa mwenyewe ndiye mimi. Naishi Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, nilimfuata mke wangu ambaye ni muuguzi, na ugali wangu unatokana na kuandika majina na namba kwenye mitumbwi.

Niseme mapema ninachokiamini ili usipoteze bando bure: watu niliowaona wakizimika huku hawakuzimwa na kisiwa, walizimwa na kusubiri uhamisho. Utamkuta mtumishi amekaa miaka na godoro liko chini, kabati hanunui kwa sababu "mwezi wa saba naondoka", balozi wake hamjui, kila Ijumaa yuko kwenye meli na kila Jumapili anarudi amenuna. Mtu wa hivyo hachori, haandiki, hata bustani ya mchicha hana. Kama unakuja kukaa hivyo, wachangiaji wako sahihi, baki mjini.

Nikirudi kwenye kipaji. Nilikuja na ujuzi wa mabango ya maduka na picha za watu. Nansio si Mwanza, maduka yanahesabika na wachoraji wa mabango walikuwepo kabla yangu. Nilikaa bila kazi ya maana mpaka fundi mitumbwi mmoja akaniuliza kama naweza kuandika namba ya usajili kwenye chombo isibanduke. Chombo cha uvuvi lazima kiwe na namba inayosomeka, na maji ya ziwa yanaila rangi vibaya. Kwa namba nikaingia kwenye majina, na kwa majina nikaingia kwenye maisha ya watu.

Kitu ambacho sikukijua nikiwa mjini ni kwamba kazi huku inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika. Siku hizo ndipo mitumbwi inavutwa nchi kavu, mafundi wanang'oa mbao zilizooza, wanaziba nafasi kwa pamba, nyavu zinashonwa, na mimi simu haipumziki. Giza likirudi, mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, wanabaki akina mama wanaoanika dagaa na watoto wanaofukuza ndege. Sina kazi ya mtu, nina yangu. Hapo ndipo nachora vitu ambavyo hakuna aliyeniagiza, kwenye mbao chakavu za mitumbwi ambazo mafundi walikuwa wanazifanya kuni. Mjini sikuwahi kupata ratiba ya namna hiyo, kila siku ilikuwa ya mteja.

Ubaya wake ni kwamba mbalamwezi ndiyo wakati ambao mvuvi hana hela. Unachora leo, unalipwa giza likiingia. Sasa mimi hela ya rangi na tina ya kuzimulia nadai mkononi kabla sijafungua kopo, ya ufundi naandika kwenye daftari. Wakikuzoea hawakudhulumu, ila usimkopeshe mtu rangi. Kopo moja ukilitoa bure linazungumzwa mpaka kisiwa jirani cha Ukara.

Kazi yenyewe ina utamu wake. Mbao za mtumbwi zimepinda, kwa hiyo herufi uliyoinyoosha chombo kikiwa mchangani, kikishaingia majini na kubeba watu inaonekana imelala. Unajifunza kuinyanyua kidogo kuelekea mbele na kuitanua pale ubao unapokunjika. Halafu kuna mazungumzo ya jina. Tajiri mmoja mwenye wake wawili alitaka liandikwe la mke mdogo. Mke mkubwa ndiye anayepokea dagaa na kuuza, akasema kwenye mtumbwi huo hatagusa hata dagaa mmoja, wakauzwe na huyo anayependwa. Nilikuwa nimeshapiga chaki herufi tatu. Tulikaa mchana mzima, mafundi wakawa wazee wa usuluhishi, na mwisho nikafuta chaki nikaandika jina la mama mzazi wa tajiri. Wake wote wawili wakaja kuangalia, hakuna aliyesema neno.

Nimeona mchangiaji kaandika kwamba kisiwani hakujawahi kutoka kitu cha sanaa. Ndugu yangu, Ukerewe ndiko kwa Aniceti Kitereza wa Kagunguli. Mzee yule alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, na habari yenyewe ni ya mume na mke waliokosa watoto, jamaa wa pande zote wakiwaingilia, nao wakang'ang'aniana. Wachapishaji hawakuitaka kwa Kikerewe, akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Mimi naisoma habari yake kwa namna mbili. Kipaji hakikufa kwa kukaa kisiwani, tena kisiwa ndicho kilichompa kila alichoandika, kuanzia mashamba mpaka ugomvi wa wakwe. Lakini miaka 35 kati ya kumaliza na kuchapwa ni gharama ya kuwa mbali na wenye mitambo, na usidanganywe kwamba gharama hiyo imeisha. Ndiyo maana nakushauri kibanda chako cha mjini usikifunge. Mwachie mdogo wako au mshirika unayemwamini, hata kama atabaki na meza moja tu. Mbao zangu zinauzika Mwanza, Nansio hakuna anayenunua ubao wa mtumbwi uliochorwa, wanakucheka, wao wanazo mpya.

Ndoa sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Usidhani watu watakusifia kwa kumfuata mke. Kijiweni walinipa jina ambalo silitaji. Mke wangu ni Mjita, na Wajita wamejaa huku, kwa hiyo alifika akawa mwenyeji kabla masanduku hayajafunguliwa. Mimi Msukuma wa Magu nikawa mgeni wa muuguzi. Akiwa zamu ya usiku, asubuhi mimi ndiye ninayeanika nguo, na kamba yetu iko barabarani. Mama mkwe alipovuka kutoka Majita kuja kututembelea alinikuta naosha vyombo. Kwangu hakusema kitu, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu", basi. Binti yake ndiye alisemwa mpaka usiku wa manane kwamba anamdhalilisha mwanaume wa watu. Mke wangu akamjibu kitu kimoja, kwamba mwanaume wa watu ndiye aliyeomba. Ilikuwa kweli, niliomba mwenyewe vyombo viwe vyangu, kwa sababu nikiosha vyombo ndipo napata mawazo ya kuchora. Mama mkwe mpaka leo anaona nimerogwa, lakini kila akija anabeba samaki wa kwangu peke yangu.

Kilichotusaidia zaidi ni kila mmoja kuwa na watu wake. Yeye ana wagonjwa, wenzake wa kazini na kwaya. Mimi nina mwaloni. Jioni tunakutana kila mtu na habari zake. Kuna wanandoa huku ambao wote wawili ni watumishi wa ofisi moja, wanatoka pamoja wanarudi pamoja, wanakula na watu wale wale, na wakishafika nyumbani hawana cha kusimuliana. Hiyo ndiyo ndoa inayochuja kisiwani, si ya golikipa.

Na ugomvi. Mjini ukigombana na mke unatoka, unapanda daladala mpaka Kirumba kwa washikaji, unarudi saa sita usiku kalala, ugomvi unaota mizizi. Nansio utatoka uende wapi? Meli imeshaondoka, na ukikaa kijiweni umenuna, kesho yake wagonjwa wanamuuliza muuguzi wao kama shemeji ana amani. Tumezoea kumalizana ndani, hata kama ni kwa kununiana mezani mpaka mmoja acheke. Mambo mawili tumeyawekea mipaka kabisa: yeye haulizi hela ya rangi, mimi siulizi hela anayomtumia mama yake. Na simwonyeshi picha kabla haijakauka. Kuna sangara mkubwa nilimchora kwa moyo wote, akaniambia anafanana na kambare aliyekosa usingizi. Alikuwa sahihi, lakini rangi ilikuwa mbichi, nikamfuta wote. Siku hizi anasubiri ikauke ndipo atukane.

Kuhusu kudumaa, nitakwambia jambo ambalo wachangiaji wangelicheka. Mke wangu alipata ruhusa ya masomo, akaenda Mwanza kusomea stashahada, na mimi niliyemfuata kisiwani nikabaki kisiwani na mtoto. Ndugu zangu Magu walipiga simu wakidhani nimeachwa. Lakini hebu piga hesabu: wateja wangu wako huku, daftari la madeni liko huku, mtoto kazoea shule, na kodi ya chumba mjini ingemeza posho yake yote. Nilijifunza kusuka nywele za mtoto wa kike kwa mafunzo ya jirani, vibaya, lakini mwalimu alizikubali. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akawa anakuja kushika brashi, kwa sababu sikuweza tena kuondoka nyumbani alfajiri. Leo ndiye anayeandika namba zote, mimi nimebaki na majina. Mke asingeenda kusoma, yule kijana nisingempa kazi, ningeendelea kung'ang'ania kila kitu mwenyewe.

Kuonana kulitegemea ziwa. Hapa naomba mnielewe vizuri. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya kule Ukara, kikitokea Bugolora, wakafa watu zaidi ya 200. Huku ni vigumu kukuta mtu ambaye hakuguswa, ama ndugu, ama jirani, ama mteja. Kwa hiyo tulikubaliana: ziwa likichafuka, au chombo kikijaza, hakuna kusafiri. Hata kama uliahidi, hata kama mtoto amekaa mlangoni anasubiri. Na aliyebaki upande wa pili haruhusiwi kulalamika kwenye simu. Wapenzi wengi wanapimana kwa "ungenipenda ungekuja". Kwenye ziwa hili maneno hayo yanaweza kumpakiza mtu kwenye mtumbwi ambao hakutakiwa kuupanda.

Mengine nayapitia haraka. Rangi na tina ni bei juu kuliko Mwanza, agiza kwa pamoja. Mtandao unatosha kutuma picha za kazi kwa wateja. Kichocho kipo, tena sana, na wasanii tunaopenda kukaa majini tujihadhari: minyoo yake inatokana na konokono walioko pembeni mwa ziwa na inaingia kwa kupenya ngozi ukigusa maji, hata usipoyanywa. Mimi nikiandika ubao wa chini navaa mabuti ya mpira marefu, mke ananikagua miguu kama mwanafunzi wa bweni, na vidonge vikitolewa nameza. Kuogelea sahau.

Kwa fulana zako mkuu, soko lipo: kwaya, timu za mwaloni, mahafali ya shule, harusi, misiba, na miaka ya uchaguzi ndiyo usiseme. Ila mashine ya kuchapa kwa joto inategemea umeme, na umeme ukikatika siku ya kukabidhi kazi ya msiba hutaeleweka. Jifunze kuchapa kwa skrini na rangi ya mkono kabla hujavuka, na skrini zitengenezee huko huko mjini.

Usihame kwa mkupuo. Njoo kwanza utembee wakati mwezi ni mkubwa, maana ukija wakati wa giza utakuta wanaume wamelala mchana na utadhani kisiwa hakina watu. Unaweza kupanda meli Mwanza mpaka Nansio, masaa kama matatu, au uzunguke kwa barabara ya Bunda mpaka Kisorya uvuke na pantoni kwenda Rugezi. Beba fulana chache za mfano, nenda mwaloni, ulizia fundi mitumbwi, kaa naye mpaka jioni. Mkeo usimburuze kwenye mizunguko hiyo, mwache akajue shule yake.

Na yule aliyeuliza kule juu kama Nansio kuna nyumba za kupanga: zipo. Uliza kwanza maji yanatoka wapi, kodi baadaye.