Kucha Mbili na Meno: Majibu kwa Wachezaji wa Nyanda za Juu

Barua za wiki hii karibu zote zinamhusu mhusika anayepigana kwa kucha na meno katika Pathfinder, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu; nazungumzia toleo la kwanza, lile la mwaka 2009. Mezani kwetu Mbeya ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Shikamoo. Nataka kucha na meno mapema. Nianzie wapi? (Uyole)

Marahaba. Chukua babariani (mpiganaji anayepigana kwa hasira) wa kabila la nusu-orki, yaani nusu mtu na nusu jitu la hadithi, ubadilishe sifa yake moja ya kuzaliwa upate meno. Levo ya 2, yaani ngazi yake ya pili ya kukua, chagua uwezo wa hasira uitwao totemu ndogo ya mnyama: akipandwa na hasira, kucha mbili zinachomoza. Tuseme Nguvu yake ni 18. Hasira inaipandisha hadi 22, yaani bonasi ya +6, ukiongeza bonasi ya msingi ya kupiga, ambayo levo hiyo ni +2, kila pigo linarushwa kwa +8: unarusha dadu la pande 20 na kujumlisha 8 kuona kama limempata adui. Kila ukucha ni dadu la pande 6 ukijumlisha 6; meno ni dadu la pande 4 ukijumlisha 6. Yakipata yote matatu, wastani wake ni madhara 27 na nusu kwa zamu moja. Mwenzake wa Nguvu ileile mwenye upanga wa mikono miwili anapata 16.

Kwa nini nikimkimbilia adui, msimamizi wa mchezo ananipa pigo moja tu? (Kihesa, Iringa)

Hajakuonea, ndugu yangu. Mapigo yote unayapata ukitoa zamu nzima, na usisogee zaidi ya hatua ya futi 5. Wengi wanajenga kucha wanasahau miguu, na hapo ndipo mhusika mzuri anapoharibika. Mfikirie simba wa Ruaha: ananyatia kwenye nyasi mpaka afike karibu kabisa, ndipo aruke. Simba wa kwenye kanuni anaruhusiwa kurukia na kupiga kwa kucha na meno papo hapo. Babariani wako ataupata uwezo huo levo ya 10, akishamaliza ngazi zote tatu za totemu. Kabla ya hapo mwache adui akufuate. Juzi mchezaji wetu alisimama mlangoni mwa pango zamu mbili nzima, wenzake wakimsihi asogee. Zamu ya tatu adui akamjia mwenyewe, akakutana na kucha zote mbili na meno.

Nishike na upanga? (Mafinga)

Hapana. Mkono wenye upanga hauna ukucha, na meno yanashuka daraja: unatoa 5 kwenye kurusha na unajumlisha nusu tu ya bonasi ya Nguvu.

Wenye silaha watanipita baadaye? (Tukuyu)

Watakukaribia. Bonasi ya msingi ya kupiga ikifika +6, mwenye upanga anaongezewa pigo. Kucha haziongezeki hivyo. La kuogopa zaidi ni kiumbe mwenye ngozi inayopunguza madhara, maana inapunguza kwenye kila pigo. Ikipunguza 10, ukucha wa madhara 7 hadi 12 unabaki karibu na bure. Weka akiba ya hirizi inayoongezea mapigo yote ya mwili kwa pamoja. Hata ya +1 inapenya ngozi inayoshindwa na silaha za uchawi.

Huku dadu la pande 20 hatulipati. (Njombe)

Kusanya vizibo 20 vya soda, viandike namba kwa maka peni, vitie kwenye mfuko wa kitambaa. Chota kimoja, kirudishe, tikisa, chota tena. Usichote vitatu kwa mkupuo, maana namba haitaweza kujirudia. Kwa pande 6 tumia dadu la ludo; kwa pande 4 tumia hilohilo, ikitoka 5 au 6 unarusha upya. Na vizibo vya 6 na 9 vipigie mstari chini.