Kombati ya Karume Ilinirusha Kichura Coco

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepata kombati ya mabaka pale soko la mitumba la Karume, Ilala, kali kweli, shilingi 15,000 tu. Nianze nayo mazoezi?" Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Hiyo kombati mimi nimeshaivaa, mdogo wangu.

Ilikuwa ndio naanza kukiondoa kitambi. Wewe unayesoma hapa unaijua ile hali: unataka mwili, na unataka watu wauone. Nikajiambia mwenye mwili ni mwanajeshi, basi nivae kama yeye. Nikadamkia Karume siku ya kufungua marobota, nikaondoka na suruali ya mabaka yenye mifuko sita na buti nyeusi. Nyumbani nilisimama mbele ya kioo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi alfajiri tukatoka Kinondoni na wenzangu wa mchakamchaka, tukaimba, tukazungukia Upanga, tukapanda daraja la Tanzanite. Lile daraja ni kilometa 1 na kidogo tu. Siku ile niliona kama nakwenda Chalinze. Suruali ya pamba nzito hunywa jasho na hailitoi, na joto la Dar hewa yenyewe imelowa, kwa hiyo nilikuwa nabeba maji mapajani. Mapaja yakachubuka. Visigino vikatoka malengelenge, maana buti hazikushonewa mbio za lami.

Kufika ufukwe wa Coco, jamaa wawili wenye nguo za kiraia na vichwa vilivyonyolewa safi wakanisimamisha. "Afande, kikosi gani?" Nikajichekesha. Hawakucheka. Nilirushwa kichura mchangani huku wauza mihogo wakipanga meza zao na mtoto mmoja akinihesabia kwa sauti. Alifika hamsini na nane, yule mtoto, hakukosea hata moja.

Lakini kilichoniuma si kichura. Wale niliotoka nao Kinondoni tukiimba "mmoja kwa wote" walipita pembeni yangu, wakaongeza mwendo. Hakuna aliyegeuka.

Vijana, tuambiane ukweli. Raia kuvaa sare ya jeshi, au nguo inayofanana nayo, ni kosa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Ukisema "nimenunua mtumba" unajieleza tu, hujajitetea. Na hao unaowaiga wenyewe wana nguo za mazoezi. Jeshi la nchi kavu la Marekani hukimbia na fulana nyeusi yenye maandishi ya dhahabu na bukta nyeusi, kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Ile fulana ya kijivu yenye neno ARMY kifuani waliiacha mwaka 2017, wewe ndio unaigombania Ilala.

Vaa bukta nyepesi. Vaa raba inayokutosha. Paka mafuta ya mgando mapajani kabla ya kutoka. Na nasema tena, bukta nyepesi. Mwili hautoki kwenye robota, unatoka kwenye kuamka saa kumi na moja wakati wenzako wamejifunika shuka. Mimi leo nakimbia kilometa 15 bila kusimama, na wale walionipita Coco wawili wameshaacha mazoezi kabisa.

Waliobaki bado wananiita Kamanda. Huwa siitikii.