Mjomba, nikionekana naingia kwenye kikao itakuwaje?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi ni fundi friji, nina miaka 41, naishi Makorora hapa Tanga. Nakunywa kila siku. Nikifunga kazi napitia mnazi, usiku namalizia na gongo. Asubuhi mikono inatetemeka, mpaka nipate kikombe kimoja ndipo naweza kushika bisibisi. Mke wangu amechukua watoto, amerudi kwao Pangani. Kuna rafiki ameniambia walioacha pombe hukutana na kuzungumza. Nitawapataje? Tanga hii watu wanajuana, nikionekana naingia itakuwaje? Na mimi ni Mwislamu, nisije nikajikuta kanisani.
Fundi, Makorora

JIBU: Marahaba, fundi. Hao aliokwambia rafiki yako ni AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Lakini kikao ngoja kwanza, tuanze na hiyo mikono.

Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla hugoma. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Ndani ya siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka degedege, na kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, wakaona visivyokuwepo. Vijana wanaiita arosto na kuichekea, lakini hii ya pombe inaua. Kwa hiyo usiape leo usiku kwamba kesho hugusi. Nenda hospitali, Bombo ukiweza, umwambie daktari vikombe vyote bila kupunguza hata kimoja. Mimi nilipunguza. Nilisema "bia mbili tatu", naye akanipangia dawa za mtu wa bia mbili tatu. Usiku wa pili ukuta wa wodi ulijaa siafu, nikawa namwita nesi awamwagie mafuta ya taa. Daktari akijua ukweli atakupa dawa za kuutuliza mwili, pamoja na vitamini B1, maana pombe huimaliza.

Ukiwa hapo hapo hospitali, ulizia watu wa afya ya akili. Wao na wasimamizi wa soba hausi, zile nyumba wanakokaa wanaoacha ulevi, ndio wanaojua vikao viko wapi na saa ngapi. Piga simu kabla ya kwenda, kwa kuwa vikao huhama. Uliza pia kama ni kikao cha wazi, ambacho yeyote anaingia hata ndugu wa mnywaji, au ni cha ndani, cha wenye tatizo lenyewe tu. Wewe unaingia vyote. Sharti ni moja, kutaka kuacha. Hakuna kiingilio wala fomu. Mwishoni hupitishwa kikapu, na asiyenacho hukisogeza kwa jirani. Vipo na vya kwenye simu kwa intaneti. Sivipendi sana, bando huisha mtu anapofika kwenye utamu wa kisa chake, lakini ni bora kuliko kukaa peke yako.

Sasa hilo la kuonekana. Siku yangu ya kwanza niliupita mlango mara tatu kwa baiskeli. Mara ya nne nikashuka, nikainama, nikajifanya mnyororo umechomoka. Akatokea mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye siku zote nilimjua kama mtu safi wa safu ya mbele msikitini. Akautazama mnyororo, akanitazama mimi. "Mzima huo. Ingia, chai inapoa." Basi atakayekuona ndani, fundi, na yeye yumo ndani. Humo mnaitana jina la kwanza tu, na yanayosemwa yanabaki humo.

Kanisa sio. Chama hiki kilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Wao walikuwa Wakristo, na katika hatua zao 12 za kuacha pombe Mungu anatajwa, ila wameandika Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomwelewa. Kikao chetu kilikuwa kinaanza baada ya Magharibi, ili wenye kuswali waswali kwanza.

Kaa karibu na mlango ukitaka. Zamu ikikufikia sema, "Leo nasikiliza." Inatosha. Kitu kitakachokushangaza ni kwamba mtu akizungumza hakatizwi, na akimaliza hapewi mawaidha. Sisi tuliolelewa kwa mawaidha tunaona kama amepuuzwa. Mimi niliudhika kabisa, nikaondoka nikisema hawa wanapiga soga tu. Nilirudi wiki iliyofuata kwa sababu yule mzee alikuwa anapita kwangu kila jioni na kunisalimia kwa sauti kubwa mno. Kwa hiyo usikihukumu kikao kabla hujaenda mara nne au tano.

Mkeo usimpigie kumwahidi kitu. Ahadi zako anazo za kutosha huko Pangani. Mwambie tu umekwenda hospitali, ukishakwenda. Jamaa za walevi nao wana vikao vyao vya Al-Anon, tangu 1951, vya nyuso kwa nyuso na vya kwenye simu. Siku akitaka mwenyewe, mwelekeze.

Chai ya pale kwetu ilikuwa ya tangawizi, tena ya moto. Siku ile ya kwanza nilikishika kikombe kwa mikono miwili na bado nikaimwagia suruali. Aliyekaa pembeni yangu alinisogezea kitambaa huku macho yake yakiwa kwa msemaji.