Kabla ya kukata plastiki, amua unanakili kitu gani

Wanaoanza kutengeneza modeli za vyombo vya filamu za sayansi bunilizi huniuliza gundi ipi ni bora, au printa ipi ya 3D inafaa. Maswali hayo yana majibu mepesi, nitayagusa huko mbele. Kinachoamua kama modeli yako itakuwa sahihi au itafanana-fanana tu ni swali jingine: hiyo nakala ni nakala ya nini?

Chombo cha kwenye filamu si kitu kimoja. Chukua Millennium Falcon ya Star Wars. Kuna chombo cha hadithini, ambacho hakijawahi kuwapo. Kuna modeli ya futi 5 na ushei iliyotengenezwa kwa ajili ya filamu ya 1977. Kuna nyingine ndogo, ya inchi 32, yaani sentimita 81 hivi, iliyotengenezwa kwa ajili ya filamu ya 1980. Halafu kuna zile za ukubwa kamili ambazo waigizaji walisimama chini yake. Ya filamu ya pili ilijengwa Pembroke Dock, Wales, mwaka 1979. Ukiziweka sambamba, hazilingani. Ya 1977 ina miguu mitatu ya kutulia, ya 1980 ina mitano. Viraka vya rangi na alama za mapigo haviko mahali pamoja. Na vile vyumba vya ndani tunavyoviona kwenye filamu haviwezi kuenea ndani ya gamba la nje, uvipange utakavyo.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo wasioukubali: mimi hunakili modeli ya studio, sinakili chombo cha hadithini. Modeli ya studio ni kitu kilichoshikwa kwa mikono. Ilipigwa picha, ina vipimo, na nyingine bado zimo makumbusho. Ukisema kazi yako ni sahihi, mtu anaweza kuilinganisha na kitu fulani. Ukinakili chombo cha hadithini, unabaki kubishana na wenzako kuhusu jambo ambalo hata waandishi wa filamu hawakulifikiria.

Kwa magari, chagua pia wakati. DeLorean ya Back to the Future ilipita kwenye filamu tatu, za 1985, 1989 na 1990, na haikubaki ileile. Mwanzoni mwa ya kwanza ina mtambo wa plutoniamu mgongoni. Mwishoni mwa filamu hiyohiyo mtambo huo una kifaa cha Mr. Fusion, ambacho kwa kweli ni mashine ya kusagia kahawa ya Krups iliyogeuzwa. Kwenye ya tatu lipo lile sanduku la vifaa vya miaka ya 1950 juu ya boneti, na matairi yenye mstari mweupe. Nimeona modeli nzuri mno iliyochanganya vipande vya filamu mbili. Mwenyewe hakujua mpaka mtazamaji mmoja alipomwonyesha kosa hilo. Andika kwenye karatasi: filamu ipi, tukio lipi, modeli ipi. Bandika ukutani mbele ya meza ya kazi.

Baada ya hapo ndipo uanze kukusanya picha, na hapo pana mitego. Picha iliyosimamishwa kutoka kwenye filamu ni shahidi dhaifu wa vipimo, kwa sababu kamera iliwekwa karibu na modeli ili ionekane kubwa, na lenzi ya karibu huvuta pua na kusinyaza mkia. Tafuta picha zilizopigwa kwa mbali kwa lenzi ndefu. Kisha andika tarehe ya kila picha. Modeli hubadilika. Nostromo, chombo cha filamu ya Alien (1979), ilianza ikiwa ya njano kabla ya kupakwa kijivu, kwa hiyo picha halisi kabisa kutoka karakana inaweza kukuonyesha hali ambayo haikufika kwenye filamu. Modeli ya chombo cha Enterprise cha mfululizo wa Star Trek, yenye urefu wa zaidi ya futi 11, iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani, tangu 1974. Imefanyiwa ukarabati zaidi ya mara moja. Ule wa 1991 uliacha mistari mizito ya paneli iliyowakera wengi, na ule uliokamilika 2016 uliirudisha kwenye sura ya zamani, ukitumia rangi ya asili iliyosalia juu ya ile sehemu ya mbele yenye umbo la kisahani kikubwa kama ushahidi. Mtu anayefuata picha ya miaka ya 1990 bila kujua historia hiyo ananakili kazi ya mkarabati.

Enterprise hiyohiyo ina kioja kingine ninachokipenda. Upande wake wa kushoto haukumaliziwa, kwani nyaya za taa ziliingilia huko, na kamera ilipiga upande wa kulia tu. Walipohitaji ionekane ikielekea upande wa pili, walibandika maandishi yaliyogeuzwa, kisha picha ikapinduliwa. Je, wewe umalizie upande ambao haukuwahi kumaliziwa? Mimi ningeuacha mtupu na kuning'iniza nyaya zake. Wengi wataumalizia, na sina ugomvi nao.

Sasa nije kwenye sehemu tamu zaidi ya kazi hii: vidubwasha. Mafundi wa filamu za miaka ya 1960 na 1970 hawakuchonga kila bomba na kila kifuniko unachokiona kwenye gamba la chombo. Walinunua seti za kawaida za plastiki za kuunganisha, za vifaru, mizinga, meli, magari ya mashindano na maroketi, wakavunja vipande na kuvibandika. Ndiyo maana jicho linaziamini modeli hizo: kila kidubwasha kilibuniwa na mhandisi fulani kwa kazi fulani, hata kama kazi hiyo haihusiani na anga. Kwa mnakili hii ni bahati kubwa. Ukikitambua kipande kimoja tu, tuseme gurudumu la kifaru kutoka seti ya kampuni ya Tamiya ya skeli ya 1/35 (mara 35 ndogo kuliko kifaru halisi), umepata rula ndani ya picha. Shika gurudumu hilo mkononi, lipime kwa venia, kile kipimio cha vitu vidogo. Likiwa na milimita 12, na kwenye picha yako lina milimita 6 huku gamba lina milimita 300, basi gamba halisi lilikuwa na milimita 600. Sharti ni moja: gurudumu na gamba viwe umbali sawa kutoka kwenye kamera. Kipande kilichochomoza mbele kitakudanganya.

Kutambua vipande kunahitaji subira ya mvuvi. Mimi hupitia picha za fremu za seti za zamani, zile karatasi za maelekezo zinazoonyesha kila kipande na namba yake, nikitafuta umbo moja tu kwa siku. Ukijaribu kutafuta yote kwa pamoja macho huchoka, unaanza kuona gurudumu kila mahali. Na ukikipata kipande, kagua kama fundi alikikata. Mara nyingi walikigawa, wakakigeuza chini juu, au wakakipara nusu. Kubandika kipande kizima mahali penye nusu ni kosa ambalo wajuzi huliona kabla hawajaona kitu kingine chochote.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa kompyuta. Programu ya kuchorea ina kitufe cha kuakisi: unachora upande mmoja, wa pili unajitengeneza. Usikiguse. Modeli za studio zilitengenezwa kwa mikono na watu wenye tarehe ya mwisho shingoni. Bawa la kushoto si kaka pacha wa bawa la kulia, na mstari ulioonekana kunyooka umepinda kidogo. Modeli iliyonyooka kupita kiasi huonekana kama mchezo wa kompyuta. Chora pande zote mbili, kila mmoja kwa picha zake.

Ukipunguza ukubwa, punguza na upana wa mistari. Watu husahau hesabu hii. Mstari wa paneli wenye upana wa nusu milimita kwenye modeli ya 1/72 ni sawa na mfereji wa sentimita 3.6 kwenye chombo. Kwenye 1/350 mstari uleule unakuwa mtaro wa sentimita 17.5, mtu angeteguka mguu ndani yake. Kwenye skeli ndogo ni afadhali mistari mingine uichore kwa penseli iliyochongwa vizuri juu ya rangi, kuliko kuikata.

Rangi ndiyo inayozua ugomvi mkubwa zaidi, na sababu yake ni kwamba rangi ya filamu haikuwa rangi ya modeli. Kulikuwa na taa za studio, utepe wa filamu wenyewe, maabara ya kuusafisha, kisha nakala za baadaye zilizorekebishwa upya. Kulikuwa pia na pazia la bluu nyuma ya modeli, lililofutwa baadaye ili picha ya anga iwekwe mahali pake: chochote cha bluu kingeweza kufutika pamoja na pazia, na ndiyo sababu kikosi cha X-wing, ndege za kivita za Star Wars, kilichokuwa kiwe cha bluu kikawa chekundu. Kwa hiyo nikitafuta rangi naanza na picha za modeli yenyewe zilizopigwa kwenye mwanga wa kawaida, hasa zenye kitu kingine ninachokijua rangi yake, kama karatasi nyeupe au mkono wa fundi. Fremu ya filamu naitazama mwisho. Halafu napaka vipande kadhaa vya plastiki chakavu, kila kimoja na mchanganyiko wake, na kuviangalia chini ya taa ileile ambayo modeli itawekwa. Na kwa kuwa kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi hiyohiyo, ongeza tone la nyeupe.

Jiandae pia kukosolewa na ushahidi mpya. Modeli ya chombo cha Aries 1B cha filamu ya 2001: A Space Odyssey (1968) ilidhaniwa imepotea kama nyingi za filamu hiyo, kisha ikaibuka na kununuliwa mwaka 2015 na taasisi inayotoa tuzo za Oscar kwa dola 344,000. Mwaka 2023 X-wing ya kiongozi wa kikosi chekundu, iliyokutwa kwenye mkusanyo wa marehemu Greg Jein, mtengenezaji modeli mashuhuri, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Kila kitu cha namna hiyo kikitokea, picha mpya za karibu husambaa, na michoro tuliyoiamini hurekebishwa. Mimi huacha baadhi ya vifuniko bila gundi ya kudumu kwa sababu hiyo.

Kuhusu vifaa, nitakwenda haraka. Gundi ya plastiki huyeyusha na kuunganisha polistairini, ile plastiki ya seti za kawaida, haifanyi lolote kwenye resini. Huko tumia gundi ya papo hapo au epoksi. Vipande vya resini vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kupaka chochote, maana huja na mafuta ya kalibu. Kilichopinda kitumbukize kwenye maji ya moto, kinyooshe, kipoze. Msasa pitishe ukiwa na maji, uvae barakoa. Vumbi la resini halifai kuingia mapafuni, na resini ya printa ambayo haijakauka usiiguse bila glavu. Printa naitumia kwa vidubwasha. Gamba kubwa napendelea kulijenga kwa shiti za plastiki juu ya mbavu, kwa sababu ni jepesi na halijikunji baada ya miezi.

Taa zinahitaji maneno zaidi kidogo. Modeli za zamani ziliwashwa kwa balbu za waya, kwa hiyo mwanga wake ulikuwa wa manjano. LED nyeupe yenye ubaridi wa bluu itaiharibu Enterprise ya miaka ya 1960 hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Chukua nyeupe ya joto, ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000. Kwenye umeme wa volti 12, LED moja nyeupe inayotumia volti 3 na miliampia 20 inahitaji resista (kifaa cha kupunguza umeme) ya omu 470 hivi. Ndani ya gamba paka nyeusi kwanza, tabaka nzito, kisha nyeupe juu yake. Washa taa gizani kabla ya kufunga gamba, uzungushe modeli taratibu. Plastiki hupitisha mwanga kuliko unavyodhani, na gamba linalong'aa lote hufichua kwamba ni kijidude cha mezani.

Uchakavu uufanye mwisho, nao ufuate picha kama vitu vingine. Usinyunyize masizi kwa kubahatisha. Kila X-wing ya studio ilikuwa na madoa yake na michubuko yake, na kwa wajuzi hayo ndiyo yanayoitambulisha ipi ni ipi. Weka vanishi inayong'aa kabla ya kubandika stika za maji na kabla ya kupitisha rangi nyepesi ya mafuta kwenye mifereji, kisha funika kwa vanishi isiyong'aa.

Bado kuna kisimamio. Modeli nyingi za studio zilikuwa na zaidi ya tundu moja la kushikilia, juu, chini, ubavuni au nyuma, ili fimbo iwekwe upande ambao kamera haikuuona. Panga jambo hili kabla hujafunga gamba. Tumia mojawapo ya matundu hayo ya asili, uweke bomba la chuma ndani lililofungwa kwenye mbavu kuu, upitishe nyaya za umeme humo. Matundu mengine yatengenezee vifuniko vyake, kwa sababu modeli ya studio nayo ilikuwa navyo.