Ukimtumaini Mungu, Usione Aibu Kusema Umekwama

Huku kwetu Mbeya ukikutana na mpendwa njiani, salamu zinajulikana. "Bwana asifiwe!" "Amina." "Za nyumbani?" "Tunamshukuru Mungu." Kisha kila mmoja anashika njia yake. Nimekulia ndani ya salamu hizi na ninazipenda. Ila nimewaona wacha Mungu wengi, watu wa maombi kabisa, wakizitumia kufunikia shida nzito. Ndani hakuna unga, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, ndoa inayumba, na jibu ni lile lile: tunamshukuru Mungu. Wanadhani kusema shida yao ni kumwaibisha Mungu wanayemtumaini. Mimi maisha yamenifundisha tofauti, na ndiyo maana naandika.

Mume wangu alipata kiharusi kipindi cha Majilio, mvua zimekolea na mahindi yetu ya Igawilo yanakaribia magotini. Mkulima anaelewa maana yake. Palizi haisubiri mgonjwa apone, na mbolea ya kukuzia ikichelewa mahindi yanageuka manjano mbele ya macho yako. Upande mmoja wa mwili wa mwenzangu ulilala, maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Mimi nikawa mtu wa hospitali, nyumbani narudi kufua na kupika uji tu, halafu napanda tena daladala.

Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja wa jumuiya yetu akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia zote. Shamba limemezwa na magugu, hela ya mbolea imeishia kwenye vipimo, watoto wanakula kwa jirani. Akanishika mkono, akasema, "Pole, mama. Tumesikia." Wiki haikuisha. Walifika shambani alfajiri, akina mama na vijana wa kwaya, kila mtu na jembe lake, na sufuria ya mbalaga, zile ndizi za kupikwa, imefungwa kwenye kanga. Mwingine alikuja na mbolea kwenye ndoo, akaniambia nitamrudishia nikivuna, na nisipovuna basi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kati ya wale waliokuwa wameinama kwenye mistari ya mahindi yangu alikuwepo mjane mmoja ambaye kila Krismasi mimi ndiye niliyekuwa nampelekea debe la mahindi. Miaka yote hiyo nilijiona mtu mnyenyekevu mbele yake, kwa kuwa nilikuwa natoa. Siku ile yeye ndiye alitoa, na mimi sikuwa na cha kumpa zaidi ya "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa. Hapo ndipo nilipoonja unyenyekevu ni kitu gani. Anayetoa bado ameshika usukani. Anayepokea ameachia.

Makanisani tunafundishwa sana kutoa, na ni haki. Kupokea hatufundishwi. Lakini fungua 1 Wafalme 17 usome taratibu. Eliya alikuwa analishwa na kunguru kwenye kijito cha Kerithi. Kijito kilipokauka Mungu hakumpeleka kwa tajiri. Alimtuma Sarepta, kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, nabii mzima akasimame langoni pa mji aombe maji na mkate. Yule mama aliokolewa kwa kumlisha Eliya, na Eliya aliokolewa kwa kukubali kulishwa na mtu aliye chini yake kwa kila hesabu ya dunia. Petro naye, usiku ule wa Bwana kuosha miguu, alianza kwa kukataa. Kukataa kuoshwa kulionekana heshima, na Bwana hakuikubali heshima hiyo.

Niseme na hili la mnada wa sadaka, kwa sababu linahusu. Baada ya ibada tunanadi vilivyoletwa: mkungu wa ndizi, kabichi, mayai, jogoo. Ni jambo zuri, maana asiye na fedha naye anatoa. Linaharibika pale mtu anapopandisha bei ya kuku ili jina lake lisikike mpaka barabarani. Ukiwa na uwezo, nunua ule mkungu wa ndizi, kisha uufikishe kimya kimya kwenye nyumba unayojua jiko lake halijawaka. Na ukiwa wewe ndiye uliyeletewa, pokea. Usijibu "hapana, tuko sawa" wakati hamko sawa.

Kuhusu tumaini. Mume wangu hakuamka akatembea siku ya maombi. Waliokuja kumwombea walikuwa wa kila namna. Wapo waliolia pamoja nasi, na wapo walioniambia kwamba imani yangu ni ndogo, nitoe fedha ya mbegu, ninunue mafuta, ndani ya siku chache nitaona. Haya nayakataa kwa moyo wangu wote. Ni ukatili kumwambia mtu aliyelala kitandani kwamba kinachomlaza ni uhaba wa imani yake au ya mke wake. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, jibu likaja: "Neema yangu yakutosha." Hakuna aliyethubutu kusema Paulo hakuwa na imani.

Mstari ulionishika kipindi kile watu wengi wanaujua, Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini. Tunaubandika ukutani, tunaandika kwenye kadi. Mstari ulio juu yake hatuubandiki. Pale Mungu anawaambia watu waliochukuliwa mateka kwamba watakaa Babeli miaka 70. Na juu zaidi, mstari wa 5, anawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko uhamishoni. Nilisoma sura nzima nikiwa kwenye benchi la wodi, nikaelewa kwamba tumaini alilotoa Mungu halikuwa na tarehe ya karibu, ila lilikuwa na kazi ya kufanya leo. Tuliporudi nyumbani nilipanda kwenye kona ya kiwanja miche ya parachichi iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine. Parachichi hizi zinachukua kama miaka 3 kuanza kuzaa, na sikujua hali yetu itakuwaje kufikia hapo. Nilipanda hivyo hivyo, na mwenzangu akiwa kwenye kiti ananionyesha kwa mkono mzima mahali pa kuchimba.

Sisi Wamoraviani tunakwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kungali giza, na tarumbeta zetu. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na kanisa lililoanza Rungwe mwaka 1891 linaishika hadi leo. Asiyeizoea anaweza kushangaa watu wanaimba ufufuo wakiwa wamezungukwa na misalaba ya wapendwa wao. Lakini ni sahihi. Tumaini la Kikristo halijawahi kuhitaji tujifanye kaburi halipo.

Leo mume wangu anatembea na fimbo, mkono wa kulia bado mzito. Presha yake anapimwa, dawa anameza kila asubuhi baada ya sala, na mazoezi ya viungo hatuyaachi. Naomba uniamini, ndugu msomaji: dawa na sala hazigombani. Ukishaombewa, nenda kliniki. Usiache vidonge vya presha kwa sababu umeota ndoto nzuri au mtu amekutabiria. Zaburi 121 inauliza, "Msaada wangu utatoka wapi?" na jibu ni kwa Bwana. Huyo Bwana ndiye alinipa daktari, yule mjane, na ndoo ya mbolea.

Kama umekwama sasa hivi, chagua mtu mmoja. Asiwe mpiga domo. Mzee wa kanisa, mama wa jumuiya, mchungaji ukimwamini. Mwambie shida kwa jina lake na kiasi chake: "Nimebakiwa na unga wa siku mbili", "Sijalala kwa wiki nzima", "Deni langu ni kiasi hiki". Ukisema tu "niombeeni" watakuombea, na ni vema, lakini hawatajua walete jembe.

Na kama wewe ndiye unayekwenda kutembelea nyumba yenye mgonjwa, usiishie kuuliza "mnahitaji nini?" Aliyechoka hana nguvu ya kupanga orodha. Taja kazi unayoiweza: "Kesho nitakuja kufua", "Alhamisi nitakaa naye wewe ulale", "Watoto watakula kwangu mpaka Jumapili." Beba sabuni, mkaa, au sukari. Omba kwa kifupi, maana mgonjwa anachoka. Kisha urudi tena wiki ya tatu na ya nne, wakati wageni wengine wameshapungua.