Guangzhou mvua ikinyesha, "hou sin" maana yake nini?

SUALI: Assalaam alaykum mhariri. Mie nauza viatu Darajani, mzigo naufata Guangzhou. Safari iliyopita mvua ilinyesha kutwa, basi kila nkiingia duka moja lenye sakafu ya vigae bibi mwenye duka ananyooshea kidole chini huku anasema "hou sin, hou sin". Kichina changu cha kuombea bei tu, sikuambulia kitu. Alikuwa ananambiaje?
Dada wa Darajani, Unguja

JAWABU: Waalaykum salaam dada yangu. Alikuwa anakuhurumia usianguke. Anasema hapo pana utelezi sana, na hicho ni Kikanton, lugha ya Guangzhou, Hong Kong na Macau, sio Kichina cha serikali unachojifunza wewe, kwa hiyo usiende ukawaambia "hou sin" madaktari wa Kichina wa hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Abdulla Mzee kule Mkoani, timu zao zinatoka mkoa wa Jiangsu tangu 1964 na huko Kikanton sio lugha yao. Na angalia sauti: "sin", yaani kuteleza, iseme ya kati tu, ukiipandisha juu inakuwa "kwanza".

Kwa maandishi hakuna shida, kibao ni kimoja kwa Wachina wote: 小心地滑, yaani tahadhari, chini panateleza. Zishike sura zake, utaviona mpaka kwenye ngazi za maduka.

Ila usidhani utelezi wa kule unangoja mvua. Kati ya mwezi wa pili na wa nne kuna hali wanaiita "wui naam tin", hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka kusini inakutana na kuta na vigae ambavyo bado vina baridi, basi nyumba nzima inatoka jasho kama glasi ya maji ya barafu, nje hakujanyesha hata tone na sakafu ya lifti inateleza vibaya mno. Tafadhali dada, msimu huo usivae kandambili zilokwisha kulika, na ukibeba maboksi ndo zaidi.

Halafu kwa biashara yako: "sin yan" sio kuteleza tena, ni kumtega mtu, kumuingiza mkenge. Ukisikia wanalisema wakati unahesabu pesa, simamisha malipo kwanza, mwite mkalimani wako aulize nani anamtega nani.